Kwa Baiskeli Mpaka Vuga

Mwalimu asomeshaye habari za nchi asiyoiona kwa macho yake hufanana na mtu asifuye chakula ambacho hajakionja. Sisi tulikuwa hivyo kwa muda wa miaka minane. Kila mwaka tuliwasimulia watoto wa shule yetu, iliyo katika nchi ya chini karibu na Muheza, habari za Mbegha na Kimweri na mji wa Vuga, na kila mwaka tulichora mlima ubaoni kwa chaki. Siku moja binti mmoja wa darasa la sita akanyosha mkono, akauliza, "Mwalimu, wewe umefika Vuga?" Tukamjibu kwamba si lazima mtu afike mahali ndipo apajue. Watoto wakanyamaza kwa adabu, lakini jibu lile halikutuacha tulale. Milima ya Usambara yaonekana kutoka mlangoni pa shule asubuhi ya mbingu safi, nasi hatukupata kuipanda ila mara moja tu, tena usiku, ndani ya gari, katika safari ya mazishi.

Basi ulipofika mwezi wa Juni na shule kufungwa, tukaazimu kwenda. Mwalimu kijana aliyeletwa shuleni kwetu mwaka uliotangulia, ambaye hakuwa na mke wala shamba la kumzuia, akasema atafuatana nasi. Tukapatana kwenda kwa baiskeli. Watu walitucheka, kwa maana siku hizi pikipiki za bodaboda hupanda hata mahali ambapo mbuzi husita, na mtu mwenye mshahara akionekana juu ya baiskeli huhurumiwa. Lakini pikipiki humnyima mtu nafasi ya kutazama, na basi humnyima nafasi ya kusimama. Na kwa miguu siku zetu zisingalitosha. Baiskeli humpeleka mtu mbali, wala haimzuii kumwamkia mama aliye shambani, naye akamwitikia.

Baiskeli zote mbili zilikuwa zetu. Moja tuliinunua wenyewe, na ya pili tuliachiwa na marehemu kaka yetu. Zilikuwa zile nzito za chuma, zisizo na gia, ambazo wakulima huzitumia kubebea mkaa na magunia. Usiku wa kuamkia safari tulizipeleka kwa fundi, mzee akaaye chini ya mwembe huko Muheza. Mwenzetu alikwenda dukani kununua mikate na viraka vya mipira. Mzee akazigeuza baiskeli miguu juu, akazungusha magurudumu, akagusa breki kwa kidole gumba. Akasema, "Mwalimu, raba za breki zimekwisha katika zote mbili. Kwenda nazo sokoni zafaa, lakini kuteremka Soni hazifai. Nami nina jozi moja tu. Nyingine nitaletewa kesho kutwa. Ngojeni."

Tukamwambia, "Mzee wangu, tumekwisha kuaga watu. Tia hiyo moja, nyingine tutanunua njiani."

Akauliza, "Niitie katika ipi?"

Wasomaji, swali lile lilikuwa fupi, na jibu letu lilikuwa fupi vile vile. Tulisema, "Katika hii," tukaonyesha ile ambayo sisi wenyewe tulikuwa tukiipanda. Tulijiambia kwamba mwenzetu ni mwepesi wa mwili, tena kijana. Mzee akatutazama kidogo, akafanya kazi yake. Mwenzetu aliporudi na mikate, hatukumweleza neno.

Jumatatu saa 12 asubuhi tukaondoka. Tulipitia Magila kwanza, ambapo ni karibu na Muheza. Wakristo wengi wa Bondei huiita Msalabani. Hapo padri Mwingereza J. P. Farler wa misheni ya Vyuo Vikuu aliweka makao mwaka 1875, baada ya wenzake waliomtangulia kushindwa kudumu. Nchi wakati ule ilikuwa katika dhiki ya vita na ya kukamatana utumwa, na waliokimbilia misheni hawakuwa wachache. Tukaingia kanisani tukasali, kisha tukasimama nje kutafakari jambo moja litupendezalo. Kitabu cha Habari za Wakilindi, ambacho ndicho chimbuko la mengi tunayofundisha juu ya Usambara, kilitungwa na Abdallah bin Hemedi, Mwislamu aliyeishi na watawala wa Kikilindi na kuwatumikia. Nacho kilipigwa chapa hapo Magila na mitambo ya misheni. Hivyo habari za wafalme wa milimani zimehifadhiwa kwa mkono wa Mwislamu na kwa wino wa Wakristo. Mwenzetu akasema kwamba jambo hilo peke yake lastahili somo zima.

Kutoka hapo tukashika njia ya Amani. Mwanzo nchi ni ya minazi na michungwa, na njia ni ya udongo mwekundu. Mbele ni Sigi, ambapo zamani za Wadachi palikuwa na mwisho wa reli nyembamba iliyotoka Tengeni, ya kuteremshia mbao za msituni. Baada ya Sigi mlima waanza kweli, nasi tukashuka, tukasukuma. Msitu ulifunga juu ya vichwa vyetu kama paa la kanisa, maji yakasikika kila upande, na mbega wakaruka juu ya miti. Kutoka Muheza mpaka Amani ni zaidi ya kilomita 30. Tulifika jioni, magoti yakitetemeka.

Amani si mji mkubwa, lakini jina lake lajulikana mbali. Mwaka 1902 Wadachi walijenga hapo chuo cha kuchunguza mimea na kilimo, wakapanda miti ya nchi nyingi, pamoja na mkwinini utoao dawa ya homa ya malaria. Katika miaka ya 1930, Waingereza walipokuwa wakiitawala nchi, wataalamu wa hapo walianza kazi ya kuchanganya mbegu za muhogo ili kupata muhogo ushindao ugonjwa wa batobato. Mbegu nyingi za muhogo zilizopandwa Afrika baadaye asili yake ni kazi ile. Wangapi kati yetu walao muhogo wajua hayo? Tena katika milima hii hii, mtawala wa Kidachi wa Tanga, jina lake Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona ua dogo la zambarau limeota penye miamba na kivuli, akampelekea baba yake Ulaya. Nalo likapewa jina la ukoo wao mwaka 1893. Leo ua lile hupandwa katika vyungu madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani. Sisi tuliozaliwa chini ya mlima hatukuwa tumeliona hata siku moja, mpaka mlinzi wa msitu alipotuonyesha kando ya kijito. Mwaka 1997 msitu wa Amani ulitangazwa kuwa hifadhi, nasi tukawashukuru moyoni walioamua hivyo.

Jumatano tukateremka. Njia ya Amani ni ya udongo na mawe, haimruhusu mtu kwenda mbio, na mwenzetu aliteremka salama, akitia miguu chini penye kona. Kwa ajili hiyo tukajisadikisha kwamba mzee wa mwembeni alitia chumvi. Tulipopita Muheza, saa 5 mchana, mwembe ule tuliuona. Siku ya kuletewa raba ilikuwa imekwisha pita. Lakini tulikuwa na mwendo mrefu mbele, tena tuliona haya kurudi kwake. Tukageuza uso upande wa pili wa barabara.

Kutoka Muheza mpaka Korogwe, kwa kupitia Segera, ni barabara kuu ya lami, na mwenye baiskeli hana budi kuwa na macho kisogoni kwa ajili ya malori. Penye mashamba ya mkonge tulipumzika. Mkonge wote ule asili yake ni mbegu zilizoletwa kutoka Amerika mwaka 1893 na Mdachi Richard Hindorf: katika miche 1,000 iliyotumwa, ni 62 tu iliyofika hai. Tukafika Korogwe usiku, maduka yamefungwa. Tukaondoka alfajiri, maduka hayajafunguliwa. Na kutoka Korogwe mpaka Mombo nchi ni tambarare, milima ikiwa mkono wa kuume kama ukuta, wala hapana mahali pa kukamata breki.

Yafaa tueleze kidogo umbo la nchi, kwa ajili ya wasioijua. Milima ya Usambara ni makundi mawili, la mashariki lenye Amani na la magharibi lenye Vuga na Lushoto, na katikati limelala bonde la mto Lwengera. Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902, na Mombo mwaka 1905, kisha ikaendelea mpaka Moshi. Lakini ilipita chini ya mlima. Aliyetaka kwenda juu ilimpasa kupanda, na kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kilomita 33 hivi, nazo zampandisha mtu karibu mita 1,000.

Alhamisi mchana tulianza kupanda. Vijana wa bodaboda wa Mombo walitucheka sana. Mmoja akasema, "Walimu, fungeni hizo baiskeli nyuma yangu, niwafikishe bado hamjatokwa jasho!" Tukamshukuru, tukaendelea. Barabara yaifuata korongo ya mto, mwamba upande mmoja na shimo upande wa pili, nayo ina kona nyingi mno. Mahali pa upole tulipanda, mahali pakali tulishuka tukasukuma. Na kwa kweli tulisukuma kuliko tulivyopanda. Lakini hapo ndipo tulipoanza kuielewa habari tuliyoifundisha miaka minane. Mlima ule ndio uliokuwa boma la wafalme. Adui aliyetoka nyikani ilimpasa kupanda kama sisi, akitweta, huku aonwa tangu mbali na watu walioshiba na kupumzika. Jambo hilo kitabu chalitaja, lakini miguu ndiyo iliyotufahamisha.

Tulilala Soni, karibu na maporomoko ya maji. Ijumaa tukashika njia ya kando, ya udongo, mpaka Vuga.

Wasomaji, tutasema kweli: tulipofika tulisikitika. Tulitazamia kuona kuta na mawe, nasi tuliona migomba, mahindi, maharagwe, na nyumba za watu wa siku hizi. Mwenzetu akauliza kwa sauti ndogo, "Ndipo hapa?" Mzee mmoja alitupokea, akatukalisha, akatuletea ndizi, akacheka alipotuona tukitafuta kwa macho. Akasema, "Nyumba za wafalme zilikuwa za miti na majani, Mwalimu. Zimekwisha oza. Mnachotafuta ni hiki mnachokanyaga." Akatutembeza, akatuonyesha mahali palipokuwa mji.

Habari za Mbegha zajulikana na wengi wenu. Alikuwa mwindaji wa nchi ya Ngulu. Alipokuwa mtoto meno yake ya juu yalitangulia kuota, akaitwa kigego, naye mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa na nuksi. Akakataliwa na jamaa zake, akakimbilia porini na mbwa wake. Aliwaua nguruwe walioharibu mashamba ya watu, akawagawia nyama, na wenye mashamba wakampenda. Alipomuua simba, watu wa Vuga wakamfanya mfalme wao. Hata mjukuu wa ukoo wake, Kimweri, alipotawala, enzi ilikuwa imefika mpaka pwani. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipanda mpaka Vuga mwaka 1848, na tena mwaka 1852, akitaka ruhusa ya kuleta walimu. Mwaka 1857 wakafika Richard Burton na John Speke, wakamkuta mfalme mzee na mgonjwa. Akafa mwaka 1862 hivi, na baada yake wana na wajukuu wakagombana.

Mzee yule akatufundisha maneno mawili ya Kisambaa ambayo hatutayasahau. Akasema kwamba mfalme hakupimwa kwa nyumba yake, bali kwa hali ya nchi. Alipotawala vema, mvua ikanyesha na watu wakashiba, walisema anaiponya nchi: kuzifya shi. Wakubwa waliposhindana na njaa ikaja, walisema wanaiharibu nchi: kubana shi. "Na mtu mwenye nguvu za kuponya," akasema, "nguvu zile zile ndizo aharibuzo." Mwenzetu akayaandika maneno hayo katika daftari lake. Sisi tulitikisa kichwa kwa heshima, kama tulivyokuwa tukitikisa mbele ya watoto, tukidhani habari hizo ni za wafalme.

Jumamosi tukafika Lushoto. Mji huu Wadachi waliuita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao Wilhelm wa Pili, na kwa ajili ya baridi yake waliupenda sana kwa kupumzikia. Baadhi ya majengo yao bado yasimama. Mbele zaidi ni Mlalo, ambapo misheni ya Kilutheri ilianza kazi mwaka 1891, lakini siku zetu hazikutosha kufika. Alasiri tulikwenda Irente, ambapo mlima wakatika ghafula na mtu aona nyika yote chini ya miguu yake, tangu Mombo mpaka upeo wa macho. Chini yetu palikuwa Mazinde. Hapo ndipo Semboja, mwana wa Kimweri, alipokaa, maana njia ya misafara ilipita hapo, na mwenye njia ndiye aliyepata bunduki. Kwa bunduki akapata nguvu za kupigana na jamaa zake wa juu, na wengi wakauzwa. Mwenzetu alisimama kitambo kirefu, akasema, "Mwalimu, nyumba yao haikubomolewa na mgeni kwanza. Ilibomolewa na mtu wa ndani aliyejichukulia kilicho bora, akawaacha wengine na kilichobaki." Tukasema, "Ni kweli." Maneno hayo yalitupita kama upepo.

Jumapili tulikuwa ibadani. Jumatatu asubuhi tukaanza kurudi, na Lushoto palikuwa na maduka, lakini hatukuyatafuta, kwa maana siku saba zilikuwa zimepita bila msiba.

Hapa tuwaeleze wapanda baiskeli jambo la maana. Penye mteremko mrefu usikamate breki moja tu, wala usizikamate bila kuachia, maana raba hupata moto na kulika. Kamata, achia, kamata, achia, na mwendo upunguzwe kabla ya kona, wala si ndani ya kona. Rimu ikilowa, raba huteleza, na gurudumu huchelewa sana kusimama. Na asubuhi ile ukungu wa Soni ulikuwa mzito kama mvua.

Chini ya Soni mwenzetu alitangulia. Tulisikia sauti ya chuma juu ya chuma, nasi tukajua mara moja sauti ile ni nini, kwa sababu tulikuwa tukiingojea kwa siku saba bila kujikiri. Raba zimekwisha. Tulimwita, "Tia miguu chini!" lakini mteremko ulikuwa mkali na mwendo umekwisha mzidi. Penye kona palikuwa na mtoto akivusha mbuzi. Upande wa kushoto ni shimo, na mbele ni mbuzi na mtoto; mwenzetu akageuza usukani kuelekea mwamba. Tulipofika, baiskeli ya marehemu kaka yetu ilikuwa imekunjika, naye ameketi kando ya mwamba, mguu wake wa kulia umevunjika chini ya goti. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mtoto mzima?"

Lori la kabichi lilisimama. Dereva na utingo wake wakamlaza juu ya magunia, wakatupeleka mpaka hospitali, wala hawakukubali malipo. Mungu awabariki. Waganga wakaufunga mguu, wakasema mfupa utaunga, lakini itachukua miezi.

Jioni mwenzetu alipopata nafuu ya maumivu, akasema, "Unisamehe, Mwalimu. Nimekuharibia baiskeli ya marehemu. Nilikwenda mbio mno."

Hapo tungalisema. Nafasi ilikuwa wazi kama mlango. Nasi tulisema tu, "Usijali, pumzika." Siku ya pili hatukusema, wala siku ya tatu. Tulimnunulia maziwa na machungwa, tukalipa gharama, na watu wa wodini wakatusifu kwa wema. Kila sifa ilituchoma.

Siku ya nne mama yake akafika, ametoka mbali kwa basi. Alimtazama mwanawe, akamshika paji la uso, kisha akatugeukia, akapiga magoti kidogo kama ilivyo desturi ya kwao, akasema, "Ahsante, baba, kwa kumtunza mwanangu. Mwenyezi Mungu akulipe."

Hatukuweza kustahimili. Tulimwinua, tukasema yote mbele ya mwanawe: habari za fundi, jozi moja ya raba, swali lake, jibu letu, na mwembe tulioupita tumegeuza uso. Tukasema, "Mama, aliyemvunja mwanao mguu ni sisi."

Mama akanyamaza muda mrefu. Mwenzetu alitazama dari. Mwishowe mwenzetu akasema, wala si kwa hasira, "Ungaliniambia, ningaliteremka kwa miguu." Hilo ndilo lililotuuma kuliko yote. Hakusema kwamba asingalikwenda, wala kwamba angalitaka zile raba mpya. Angalisukuma baiskeli yake chini ya mlima kama alivyoisukuma juu, nasi tungaliteremka pamoja naye, na mguu wake ungalikuwa mzima.

Mama yake akainuka, akachukua beseni chini ya kitanda, akatupa mkononi. Akasema, "Kalete maji, Mwalimu. Tumwoshe." Tukaenda kuleta maji.

Methali yasema: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tumeifundisha mara nyingi sana. Lakini methali haikutuonya kwamba guu litakalovunjika laweza kuwa la mtu mwingine, ambaye la mkuu halikumfikia kwa sababu sisi tulilifungia kifuani. Mtu aliye mbele ya wenzake, awe mfalme, au mzee wa kanisa, au mwalimu, au baba wa nyumba, hupewa kwanza kile kilicho bora, na husikia kwanza habari ya hatari. Hapo ndipo aiponyapo nchi au aiharibupo. Hatukuhitaji kwenda Irente kuyaona ya Semboja; tulikuwa nayo katika breki zetu.

Shule ilipofunguliwa tulisimama mbele ya darasa, tukamwambia binti yule, "Tumefika Vuga." Tukawaeleza watoto migomba tuliyoiona, na maneno mawili ya mzee, na ua la Amani, na mbega, na mlima ulivyo mgumu kwa magoti. Kisha tukawaeleza na habari ya raba. Haikuwa rahisi, maana mtoto hupenda mwalimu wake awe hana kosa. Walitusikiliza kimya, na mmoja akauliza, "Mwalimu mgonjwa atarudi lini?" Alirudi muhula uliofuata, akitembea kwa gongo, na sasa amekwisha kuliacha.

Tulikwenda pia kwa mzee wa mwembeni kumwambia yaliyotukia. Alikuwa amekwisha sikia. Hakutulaumu. Aliinyosha baiskeli ya marehemu kaka yetu kadiri ilivyowezekana, akaitia raba mpya mbele na nyuma, akatutoza bei ile ile amtozayo kila mtu.

Nanyi walimu wenzetu, na vijana wenye miguu ya nguvu, tunawasihi mwende mkaione nchi yenu. Nendeni mwezi wa Juni au Julai, masika yakiisha na njia kukauka. Chukueni viraka, pampu, spana, nguo ya baridi, na maji. Msione haya kushuka na kusukuma. Salimuni wazee mnaowapita, kwa maana mengi hayakuandikwa. Na kabla ya kuondoka geuzeni baiskeli zote miguu juu, mtazame raba za kila mmoja, na kila mmoja aelezwe hali ya yake.

Mwenzetu asema mwakani, mguu ukipata nguvu, atapanda tena mpaka Mlalo. Tumepatana kwenda pamoja. Baiskeli atachagua yeye kwanza.